Mbaazi Bila Mafuta

Mpenzi msikilizaji wa Nachingwea na Ruangwa, mboga isiyotiwa mafuta ya chupa bado inaweza kujaa mafuta. Karanga, zao ambalo Waingereza walifyekea mapori ya Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Ufuta wetu vivyo hivyo, na korosho haziko mbali.

Mbaazi kavu? Hazifiki gramu 2 katika kila gramu 100! Ziloweke usiku kucha, zichemshe hadi zilainike. Kitunguu, nyanya na kitunguu saumu vipike kwa maji kidogo, changanya, ponda baadhi ya mbaazi mchuzi uwe mzito, kisha kamulia ndimu. Nazi iache.

Ila watoto wachanga tusiwanyime mafuta, wanayahitaji wakue.