“Tuliwapa wakulima mabilioni”: Wakulima gani?

Wadau, kwenye mijadala hamtakosa mtu wa kusema, “Wakati wa Korona tuliwapa wakulima mabilioni.” Mimi huuliza: wakulima gani, na walipewa nini?

Mei 2020 serikali ilitangaza mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Humo, bilioni 3 zilikuwa za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000. Ukigawa, ni wastani wa 15,000 kila mmoja. Tena si pesa mkononi, ni vocha ya kielektroniki. Wakuzaji wa maua, mboga na matunda walitengewa bilioni 1.5 kufikia soko la nje, ndege zikiwa chache.

Lakini kutangaza si kulipa. Anayejisifu na anayepinga, waulizeni wote: orodha ya waliopokea iko wapi, kaunti kwa kaunti?