Akipata Field Dodoma, Apate na pa Kulala
Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano mkuu wa mwaka



Kamati ya Elimu tuna jambo moja tu leo. Watoto wetu walio vyuoni wanapata nafasi za mafunzo kwa vitendo Dodoma, ile wanayoiita field, na wengine wanaziacha kwa sababu hawana pa kulala. Tunaomba umoja wetu ulimalize jambo hili mwaka huu.

Kwa wale ambao ni geni kwao, tulieleze. Katika masomo mengi, mwanafunzi wa chuo kikuu hamalizi kwa kukaa darasani peke yake. Likizo ndefu ikifika, chuo humpa barua ya utambulisho, naye hutafuta ofisi ya kumpokea. Kwa vyuo vingi hukaa huko wiki nane hivi. Kila siku huandika kwenye daftari kazi aliyofanya, msimamizi wa ofisi husaini, mwalimu wa chuo huja kumkagua, na mwisho huandika ripoti. Yote hayo ni alama. Ofisi humpokea kujifunza. Kwa kawaida haimlipi. Bodi ya Mikopo huwapa fedha ya field wale waliopangiwa, lakini si wote wanaopangiwa, na fedha hiyo ni deni.

Mtauliza, kwa nini iwe Dodoma? TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huko, lakini kwa zaidi ya miaka 40 wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam. Kijana wetu akipata nafasi wizarani, alifikia kwa mjomba au shangazi, mkeka ukatandikwa sebuleni, mambo yakaenda. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhama kweli, na baadaye wizara zikajengewa Mji wa Serikali pale Mtumba. Wizara zimehama, lakini wajomba wengi wamebaki Dar. Kijana anayeshuka Makanya kupanda basi la Dodoma leo anakwenda mahali asipomjua mtu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, wakati yeye anakaa miwili. Na Mtumba iko nje ya mji, kwa hiyo kila siku kuna nauli ya kwenda na ya kurudi.

Faida kwa Suji ni ipi? Tutazame mambo tunayoyalilia kila mkutano: maji na barabara. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoanzishwa mwaka 2019. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Makao makuu ya zote mbili yako Dodoma. Sisi wa Same tuliusubiri kwa miaka mingi mradi mkubwa wa maji kutoka Nyumba ya Mungu, hadi ulipozinduliwa Machi 2025. Tunajua kwamba kati ya ombi la kijiji na bomba kutoa maji pana safari ndefu ya makaratasi.

Tueleweke vizuri. Hatutumi vijana wakatuvutie mafaili. Kijana wa field hana saini wala muhuri, na siri za ofisi anatakiwa azitunze. Anachorudi nacho ni ujuzi: bajeti huandaliwa miezi gani, ombi lipitie wapi kabla ya kufika wizarani, kiambatisho gani kikikosekana barua hurudishwa. Ujuzi huo si siri, na kijiji chenye watu wenye ujuzi huo huandika barua inayojibiwa.

Wazee wetu walilijua hili zamani. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani hadi Same kuipinga kodi ya mbiru. Walikwenda mahali palipokuwa na mwenye kuamua, wakakaa huko. Leo maamuzi mengi yako Dodoma, na wa kukaa huko ni watoto wetu, wakiwa na daftari na kalamu.

Tuseme na jambo zito, akina baba mtuvumilie. Binti wa miaka 21, mgeni mjini, asiye na chumba wala nauli, ni rahisi kutegewa na mwenye nia mbaya anayejifanya msaada. Rushwa ya ngono ni kosa kisheria tangu Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007. Lakini sheria huja baada ya kosa. Kitanda salama huja kabla. Kwa sababu hiyo tunapendekeza mabinti watangulie.

Maombi yetu ni matatu. Kwanza, wana-Suji mnaoishi Dodoma mwandikishe majina kwa katibu: nani ana chumba, nani anaweza kumpokea mtoto kwa wiki nane. Pili, tuchange mfuko wa field. Fedha ya kodi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, nauli na chakula apewe kijana kila wiki, na stakabadhi zote zisomwe hapa mkutano ujao. Tatu, kila atakayesaidiwa arudi Suji siku moja, akae na wanafunzi wa sekondari awaeleze alichojifunza, na siku hiyohiyo amsaidie mtendaji kuandika barua moja ya kijiji.

Ndugu zetu, msaragambo tumeurithi. Mfereji ukiziba, baragumu hupigwa na kila nyumba hutoa mtu na jembe. Huu nao ni mfereji. Maji yameshafika vyuoni. Yamezibia kwenye kodi ya chumba cha miezi miwili. Tuzibue.

 Daftari la michango liko mezani kwa mweka hazina.