Miguu ya Injini: Kazi Inayoanza Kabla ya Injini Kuingia kwenye Gari

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya mafundi wa magari, Kalemie



Niliombwa nizungumzie kubadili injini. Mada hiyo haiishi kwa asubuhi moja, kwa hiyo nimechukua kipande kimoja tu, kile ambacho naona ndicho tunachokikosea zaidi hapa kwetu: namna tunavyoikalisha injini ngeni juu ya chesisi. Wengi wetu tunasema silenbloki kwa kufuata Kifaransa, na wenzetu wa Kigoma wanasema mauntingi. Leo nitasema "mguu" kwa maana ya kikono cha chuma pamoja na mpira wake, na nikitaka kutaja mpira peke yake nitasema mpira.

Kwa nini tunabadili injini, sote tunajua. Gari linalotoka hapa kwenda Nyunzu au Moba, au linalopanda kaskazini kuelekea Fizi, halichakai kama gari la mjini. Injini inakufa huku chesisi ya Land Cruiser au Hilux ikiwa bado ina nguvu. Injini ya aina ile ile inatafutwa na haipatikani. Inapatikana nyingine: imetoka Japani ndani ya nusu ya gari lililokatwa, ikashuka Dar es Salaam, ikafika Kigoma, ikavuka ziwa. Mara nyingi mteja ameshainunua kabla hajatuuliza kitu. Inashushwa bandarini, inasukumwa kwa mkokoteni hadi garaji, na mwenyewe anataka gari lake baada ya siku nne.

Mimi nimewahi kukubali siku nne za namna hiyo. Niliweka injini ya dizeli kwenye pikapu iliyokuwa ya petroli. Mipira haikupatikana na mteja alikuwa amesimama mlangoni, basi nikachomelea vikono viwili vya chuma moja kwa moja, kutoka kwenye injini hadi kwenye chesisi, bila mpira wowote. Gari liliwaka vizuri. Wiki ya tatu, likirudi na mzigo wa mahindi kutoka upande wa Nyunzu, kikono cha kushoto kikakatika, injini ikainama, feni ikaingia kwenye rejeta. Nilipofika pale njiani nilikiokota kile kipande nikakitazama kwa muda mrefu. Hakikukatikia kwenye mshono wa kuchomelea, kilikatikia pembeni yake kidogo, pale ambapo chuma kilipata moto mwingi. Sehemu kubwa ya ule ufa ilikuwa nyeusi na laini, ina vumbi na mafuta. Ukanda mwembamba tu wa mwisho ndio uliokuwa unang'aa. Maana yake kikono kile kilianza kupasuka tangu wiki ya kwanza, kidogo kidogo, na ule ukanda unaong'aa ndio uliobeba injini nzima hadi siku ile.

Tangu hapo nimeacha kuuona mguu wa injini kama kitu cha kumalizia.

Kinachokivunja chuma

Injini ya silinda nne inawaka mara mbili katika kila mzunguko. Ikiwa imewashwa tu, hujakanyaga mafuta, inazunguka kama mara 750 kwa dakika. Hiyo ni mishtuko 25 kila sekunde, 90,000 kwa saa moja. Chuma kinavumilia uzito mkubwa kikiubeba kimetulia, lakini mshtuko mdogo unaorudiwa mara 90,000 unakitafuta pale kilipo dhaifu, na unapapata.

Watengenezaji wa magari nao walijifunza hivyo kwa shida. Magari mengi ya zamani yalifungwa injini kwa bolti moja kwa moja kwenye chesisi, na abiria walitikisika pamoja nayo. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa gari lake la Plymouth likiwa na injini iliyoning'inizwa kwenye mipira, mguu wa mbele ukiwa juu na wa nyuma ukiwa chini, ili injini ijizungushe kwenye mhimili wake yenyewe badala ya kupambana na chesisi. Mwaka uliofuata Citroën ya Ufaransa ikanunua haki ya kutumia mpango huo na kuutangaza kwa jina la injini inayoelea. Zingatieni jambo hilo: mpira haupo ili abiria afurahi tu. Unaipa injini ruhusa ya kucheza kidogo, ili isikichane chuma kinachoishika.

Kuna nguvu ya pili, na hiyo ndiyo inayosahaulika. Nguvu inayozungusha magurudumu inaisukuma injini yenyewe kuelekea upande wa pili. Tupige hesabu. Injini yenye msokoto wa nyutoni-mita 280, karibu na ile ya 1HZ ya Land Cruiser, ikiwa kwenye gia ya kwanza ya 4 kwa 1, gia boksi inatoa nyutoni-mita 1,120. Kama miguu miwili ya mbele imeachana sentimita 60, na tuuache kando mpira wa gia boksi, mguu mmoja unavutwa juu na mwingine unakandamizwa chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 190 hivi. Ingiza gia ya chini ya magurudumu manne ili utoke kwenye tope, na nguvu hiyo inazidi maradufu. Wala hatujahesabu mashimo.

Kwa injini nyingi zinazokaa kwa urefu wa gari, mguu unaovutwa juu ukienda mbele ni wa kushoto. Magari yetu ya Kongo yana usukani kushoto. Basi mguu unaokufa kwanza ndio ulio karibu na miguu ya dereva, karibu na shafti ya usukani na bomba la breki. Desemba 1971 kampuni ya General Motors ililazimika kuita magari ya Chevrolet zaidi ya milioni 6 na nusu kwa sababu hiyo hiyo: mpira wa mguu ukiachana na chuma chake, injini ilinyanyuka, na iliweza kuvuta mafuta yafunguke yenyewe gari likiwa barabarani. Dawa waliyoweka ilikuwa waya wa chuma wa kuizuia injini isinyanyuke. Nitaurudia waya huo.

Anzia nyuma, usianzie mbele

Kosa la kawaida ni hili: injini inashushwa kwa winchi ya mnyororo hadi inapoonekana kuenea, feni iwe mbali na rejeta, boneti lifunge, kisha tunachomelea. Nafasi ya injini haiamuliwi na feni. Inaamuliwa na kardani.

Funga kwanza injini na gia boksi pamoja, ziwe kitu kimoja. Kalisha mkia wa gia boksi kwenye mpira wake, mahali panapokubali urefu wa kardani na fimbo ya gia. Gari liwe chini kwa magurudumu yake, si juu ya mawe, maana springi zikining'inia kipimo chote ni cha uongo. Kisha pima mwinamo. Mkia wa gia boksi na pua ya difu lazima zilale sambamba, zikiinama kwa digrii zile zile. Zikitofautiana, kardani itazunguka kwa kukimbia na kusita ndani ya kila mzunguko, na mtetemo huo utakula jointi, beringi za gia boksi, na mwisho mipira uliyoifunga. Kipimo si ghali: simu nyingi za siku hizi zina programu ya kupima mwinamo. Ilaze kwenye uso ulionyooka wa gia boksi, soma, kisha nenda kwenye difu.

Mwinamo ukishakaa sawa, ndipo uangalie mbele na chini. Injini iliyotoka kwenye gari la usukani wa kulia imepangiwa nafasi zake kwa ajili ya gari hilo. Kikono chake cha kushoto au bomba lake la moshi, ambavyo kule Japani vilipita bila kuguswa, hapa vinakutana na shafti ya usukani. Acha angalau upana wa vidole viwili, kwa sababu injini itacheza. Karteri nayo isikaribie ekseli ya mbele: weka jeki, pandisha ekseli hadi mwisho wa springi, uone kwa macho kama inagusa.

Sasa miguu. Kata kwanza mfano kwa karatasi ngumu ya boksi, uujaribishe hadi ukubali, ndipo ukate bamba la chuma. Milimita 6 inatosha kwa kikono cha pikapu ikiwa kimekunjwa au kimetiwa pembetatu za kukiimarisha. Bamba nene lililonyooka bila pembetatu litakatika kabla ya jembamba lililojengwa vizuri. Shikiza kwa pointi chache mpira ukiwa mahali pake, kisha utoe mpira, na kama unaweza utoe na injini, ndipo uchomelee kikamilifu. Nimeona mipira mipya, iliyogharimu pesa za wiki nzima, ikiungua ndani kwa moto wa kuchomelea na kuachana na chuma chake ndani ya mwezi. Ondoa waya wa betri. Kwenye chesisi chomelea ubavuni, usipitishe mshono kwa kukata ukingo wa juu au wa chini, maana kingo hizo ndizo zinazobeba mzigo wa gari. Bolti ziwe zenye alama ya 8.8 au 10.9 kichwani. Bolti isiyo na alama iache kwa ajili ya tela la ng'ombe.

Kuhusu kipande cha tairi

Najua hapa ndipo tutakapobishana. Karibu kila garaji mjini hapa imewahi kukata tairi kuukuu, kutoboa tundu, kupitisha bolti na kuita hiyo silenbloki. Sisemi hivyo kumdharau mtu, mzigo wa umaskini naujua. Lakini tairi limetengenezwa kwa nyuzi na waya ili lisivutike, na kipande chake hakikugandishwa na chuma. Kinabeba ukikikandamiza. Injini ikivutwa juu, inayovuta ni bolti peke yake, na ni bolti hiyo hiyo inayopitisha mtetemo wote kwenye chesisi. Mpira halisi umegandishwa na bamba juu na chini, kwa hiyo unashika pande zote.

Njia nafuu ipo. Mipira ya Hilux na Land Cruiser hupatikana sokoni. Chagua wa gari lenye injini ya uzito unaokaribiana na yako, ununue miwili inayofanana, kisha ujenge kikono kuufuata mpira. Injini za jamii moja, kama 2L, 3L na 5L, zinaturahisishia kwa kuwa ni ndugu. Ukihama ukoo, jenga upya. Na mpira ukae mbali na bomba la moshi na njia ya mafuta yanayovuja, au uwekee bamba la kuukinga.

Wenye subira walifanya nini

Ziwa letu lina mfano mkubwa kuliko gari lolote. Meli ya Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 baada ya mafundi wake kuzipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, injini zake za mvuke zikiwa bado zinafaa kazi. Katika miaka ya 1970 zikatolewa, zikaingia za dizeli. Chombo kilichoundwa kubeba mvuke kikabeba dizeli kwa sababu kuna waliokaa na kipimo wakatengeneza upya vikalio vya injini.

Sisi hatuhitaji miaka. Naomba siku mbili zaidi kwa mteja, na tumwambie kwa nini. Naomba kila injini tunayobadili ifungwe mnyororo mfupi au waya wa chuma upande wa kushoto, uliolegea kidogo, kama ule wa 1971, pamoja na waya mnene wa kuunganisha injini na chesisi, maana mpira haupitishi umeme, na stata isiyo na njia ya kurudishia umeme itautafutia kwenye waya wa mafuta au wa klachi. Na naomba gari lirudi garaji baada ya kilomita 500, bila malipo, bolti zote za miguu zikazwe upya mbele ya mwenyewe.