Swali Lililochekwa Darasani
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Sikuja kutoa mawaidha marefu. Nimekuja kulipa deni.

Mwaka 1997 tulikuwa Kidato cha Nne. Alasiri moja tulikuwa tukifundishwa mashine ya eksirei, mvua ikinyesha na radi zikipiga. Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, ikiwa elektroni ziendazo kasi hutoa eksirei, je, radi nayo haitoi?" Nikadakia kwa sauti: "Hewa itazizuia!" Darasa zima likacheka. Mwenzetu hakuuliza tena.

Jibu langu lilikuwa nusu ya ukweli. Katika mashine ile, bomba huondolewa hewa ili elektroni zikimbie bila kizuizi, zigonge chuma na kutoa eksirei. Penye hewa, elektroni hugongana na molekuli na kupoteza nguvu. Nisilolijua ni kwamba elektroni ikishapata kasi kubwa, hewa huizuia kidogo tu. Ni kama sokoni: atembeaye pole pole husimamishwa na kila mtu amwamkie, akimbiaye, hakuna awahiye kumshika mkono. Basi umeme ukiwa mkali mno, kama kwenye ncha ya radi inaposhuka, baadhi ya elektroni hupata nguvu kuliko zinavyopoteza, zikatoroka kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Zipitapo karibu na viini vya atomi za hewa hupindishwa njia, na hapo eksirei hutoka.

C.T.R. Wilson, mwanasayansi wa Uskochi, alifikiri mwaka 1925 kwamba elektroni zaweza kutoroka hivyo katika mawingu ya radi. Uthibitisho ulichelewa sana. Mwaka 2001 wataalamu waliokuwa mlimani New Mexico, Marekani, walitangaza kwamba wamepima mionzi muda mfupi kabla radi haijapiga. Mwaka 2003, huko Florida, wengine waliita radi kwa roketi zenye kuvuta waya, wakaipata eksirei. Mwaka 2005 ikaonekana hata katika cheche ndefu za maabara.

Habari hizo nilizisoma nikiwa Chuo Kikuu, nikaona haya. Mwenzetu alikuwa ameuliza swali ambalo wataalamu wenyewe walikuwa bado wanalitafutia jibu, nasi tukamcheka. Alipofika Kidato cha Tano hakuchukua sayansi.

Leo amekaa safu ya nyuma humu ukumbini. Simtaji jina, anajijua. Ndugu yangu, uliuliza sawasawa. Niwie radhi.

Nanyi wadogo zetu, radi ikipiga kaeni ndani, msiende kuichunguza chini ya mwembe. Lakini mwenzenu akiuliza swali, ngojeni kwanza kabla ya kucheka. Katika utumishi wa serikali nimeona hasara ya watu walionyamazishwa mapema.