Bei ya Mwali

Hamjambo ninyi mliokaa darasani hapo Mafinga na katika vijiji vya Mufindi, na hamjambo ninyi mnaosikiliza nyumbani karibu na moto, maana baridi ya huko inajulikana. Mwalimu, tafadhali ongeza sauti ya redio kidogo ili na walio nyuma wasikie. Ninyi mlio na karatasi hii mkononi, fuateni kwa kidole. Nitasema polepole.

Leo nataka kuwasimulia habari za senema moja ya India. Najua wengi wenu mmekwisha kuona senema za Kihindi, zenye nyimbo na machozi mengi. Lakini India ina lugha nyingi, kama vile huko kwenu Mhehe ana lugha yake, Mbena yake na Mkinga yake. Senema hii ni ya Kitelugu, lugha ya watu wa pwani ya mashariki, upande wa kusini. Jina lake ni Kanyasulkam. Kanya ni mwali, na sulkam ni ada au bei. Basi sisi tutaiita Bei ya Mwali.

Senema hiyo ilitolewa mwaka 1955. Aliyeiongoza ni Bwana P. Pullaiah, na miongoni mwa waigizaji walikuwamo N. T. Rama Rao na Bibi Savitri, watu waliopendwa sana kwao. Huyu Rama Rao baadaye aliingia katika siasa, na mwaka 1983 akawa mkuu wa serikali ya jimbo lake la Andhra Pradesh. Lakini hadithi yenyewe ni ya zamani kuliko senema. Kwanza ilikuwa mchezo wa kuigiza, uliochezwa mbele ya watu mwaka 1892 katika mji wa Vizianagaram. Aliyeutunga ni Bwana Gurajada Apparao.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyoanza. Katika nchi ile, siku zile, wako wazee waliofiwa na wake zao, nao walitaka kuoa tena. Walikwenda kwa baba mwenye binti mdogo, wakampa fedha, wakamchukua mtoto. Mtawala wa Vizianagaram aliamuru watu wahesabu ndoa za namna hiyo katika wilaya yake, kwa jamaa za Kibrahmani, yaani jamaa za makuhani. Wakahesabu ndoa za miaka mitatu. Zikawa 1,034. Mwalimu, andika namba hiyo ubaoni: elfu moja na thelathini na nne. Tena haikuwa hesabu kamili, maana wengi waliona haya kusema kwamba wamepokea fedha. Katika hao walikuwamo wasichana 99 wa umri wa miaka mitano. Watatu walikuwa wa mwaka mmoja. Bei ya mtoto wa kubebwa ilikuwa rupia 350 mpaka 400.

Mtoto wa miaka mitano akiolewa na mzee wa miaka sitini, mzee akafa, mtoto anabaki mjane. Na desturi yao ilimkataza mjane wa jamaa hizo kuolewa tena. Sheria ya Serikali ilikuwa imeruhusu tangu mwaka 1856, lakini sheria ilikuwa kwenye karatasi na desturi ilikuwa mlangoni. Msichana aliishi mjane mpaka kufa kwake, na pengine mumewe hakupata hata kumjua sura.

Bwana Apparao aliona habari hii, akafanya jambo ambalo mimi nalistaajabia. Hakuandika hotuba ya kulia. Aliandika mchezo wa kuchekesha.

Katika mchezo huo yuko baba mmoja mwenye hasira za haraka. Jina lake ni Agnihotravadhanulu. Msihangaike nalo, mwiteni Baba Subbi. Ana binti mkubwa, Buchamma, ambaye amekwisha kuwa mjane naye bado kijana. Mngedhani baba huyu amejifunza. Hakujifunza. Sasa anataka kumwoza mtoto wake mdogo, Subbi, kwa mzee mmoja tajiri na bahili kwelikweli, Lubdhavadhanulu. Huyu mwiteni Mzee Bahili. Mama wa watoto hataki. Anasema, hasikilizwi.

Basi anatokea mjomba, ndugu wa mama yao. Ninyi mnajua uzito wa mjomba katika ukoo. Mjomba huyu ni mchekeshaji wa michezo ya kuigiza, naye ana mwanafunzi wa kiume anayejua kuigiza sehemu za wanawake. Anamvika kijana yule nguo za msichana. Anampeleka kwa Mzee Bahili, anasema, "Huyu ni binti yangu, na bei yake ni nafuu kuliko ya yule Subbi." Mzee Bahili anasikia neno nafuu, moyo wake unayeyuka. Anatoa fedha, arusi inafungwa. Mzee amemwoa mvulana!

Nasikia mnacheka. Watu wa Vizianagaram nao walicheka. Lakini hapo katikati ya kicheko fikirini kidogo. Mzee yule alifunga ndoa asijue kama bibi arusi ni mwanamke au mwanamume. Kwa nini hakujua? Kwa sababu hakuna aliyemwuliza bibi arusi neno lo lote. Waliulizana bei tu.

Usiku mmoja kijana anatoroka. Asubuhi "mke" hayupo. Majirani wanaanza kunong'ona kwamba mzee amemwua mkewe, na kesi inafunguliwa. Wakati huo huo yuko kijana mmoja mwenye maneno matamu, Girisam, aliyesoma Kiingereza kidogo na kujiona amemaliza elimu yote ya dunia. Huyu anahubiri kwamba wajane waolewe, na maneno yake ni ya kweli, lakini moyoni anamtaka Buchamma na mali yake. Anatoroka naye. Katika senema, Rama Rao ndiye aliyeigiza Girisam.

Na nani anayetatua matata haya yote? Si baba, wala si kuhani. Ni Madhuravani, mwanamke mcheza ngoma ambaye watu waliojiita waungwana walimdharau. Yeye ndiye Bibi Savitri katika senema. Anavaa nguo za kiume, anakwenda kwa wakili mwaminifu ambaye hakubali kuonana na wanawake wa namna yake, anamweleza ukweli. Mzee anaokoka katika kesi, uongo wa Girisam unafichuliwa, na Buchamma anapelekwa katika nyumba ya wajane akasome. Subbi naye haolewi na mzee.

Liko jambo jingine, nalo linawahusu ninyi mnaojifunza kusoma. Siku zile wenye elimu waliandika Kitelugu cha vitabuni, kigumu, ambacho mtu wa sokoni hakukielewa. Bwana Apparao aliandika maneno yale yale wanayosema watu nyumbani na njiani. Wataalamu wengine hawakupenda. Lakini mwaka 1909 aliutoa mchezo wake tena, ameupanua, kwa lugha ile ile ya watu. Alikufa mwaka 1915, na mchezo wake unasomwa hata leo.

Sasa najua kuna baba mmoja hapo darasani amekunja uso. Anasema moyoni, "Mwalimu wa redio anatutukana. Mahari yetu si kuuza mtoto." Baba, umesema kweli. Posa ya kwetu ina mshenga, ina wazee wa pande mbili, ina blanketi la bibi, na katika nyumba nyingi binti huitwa mbele ya watu akaulizwa, "Vitu hivi tuvipokee?" Binti akikataa, wageni hunywa ulanzi wao wakaenda zao. Hapo mahari ni heshima. Lakini tuseme baba ana deni dukani, mvua imekuwa mbaya, akaja mtu mwenye fedha za mbao, na binti yuko darasa la saba. Naye haitwi, wala haulizwi. Fedha ile uiite mahari ukitaka. Mimi sioni tofauti yake na rupia za Mzee Bahili.

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna ndoa pasipo hiari ya wote wawili. Inasema pia kwamba ndoa iliyofungwa sawasawa ni ndoa, hata kama desturi ya mahari haikutimizwa. Wengi hawalijui jambo hilo la pili. Lakini sheria hiyo hiyo ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, hali mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubali hukumu hiyo. Kule India sheria ya mwaka 1929 iliweka miaka 14 kwa msichana. Hesabuni ninyi wenyewe: toka mchezo ule ulipochezwa mara ya kwanza mpaka sheria hiyo ni miaka 37.

Muda wetu unakaribia kwisha. Chukueni kalamu na daftari. Katika hadithi niliyowasimulia mmesikia maneno ya mjomba, na habari za baba, za mzee, za kijana mwongo na za mama aliyekataa. Subbi hamkumsikia hata mara moja. Basi kila mmoja aandike sentensi mbili: kama Subbi angeitwa mbele ya wazee akaulizwa, angejibu nini? Andikeni kwa maneno mnayosema nyumbani. Asiyejua bado kuandika neno zima amwambie jirani yake, naye amwandikie, kisha alinakili mwenyewe. Mwalimu atayasoma majibu darasani, kwanza ya akina mama.

Kwa herini.