ANAYEVUKUTA AMTAZAME MHUNZI

Masomo: Isaya 54:16, 2 Wakorintho 2:6-8, Wagalatia 6:1



Nabii Isaya anatuonyesha mhunzi akivukuta moto wa makaa, yaani makala kama tunavyosema huku kwetu. Mungu anasema kwamba mhunzi huyo yeye mwenyewe ndiye aliyemwumba. Andiko hili tumelihubiri miaka mingi bila kukanyaga mahali pa mhunzi. Juzi tulikanyaga. Jembe la nyumbani lilikuwa limevunjika, tukalipeleka kwa mzee mmoja anayefua vyuma nyuma ya soko, tukaketi juu ya gogo kungojea.

Mahali penyewe ni padogo: mabati juu, shimo la moto limezungushiwa udongo, na bomba la chuma linapeleka upepo chini ya makala. Mjukuu wa mzee ndiye aliyekuwa anavukuta mivukuto ya ngozi. Mzee alitia motoni kipande cha springi ya gari la zamani. Kikawa chekundu cha giza. Hapo ni karibu digrii 700. Kikawa rangi ya chungwa, kisha njano, zaidi ya digrii 1000. Cheche ziliruka, kijana akafurahi, akazidi kuvukuta. Babu yake akamwambia kwa upole: “Mjukuu wangu, usiangalie moto. Niangalie mimi.”

Kisha mzee akatuletea kipande kingine kutoka pembeni. Ncha yake ilikuwa imeharibika kama mti ulioliwa na mchwa. Akasema: “Mchungaji, hiki hakikufa kwa nyundo. Kilikufa kwa upepo.”

Alitueleza hivi. Chuma kikipita njano, kikawa cheupe na kuanza kutoa cheche chenyewe ndani ya moto, kinaungua. Hakuna nyundo itakayokirudisha. Sehemu ile inakatwa na kutupwa. Lakini mhunzi akitaka kuunga vyuma viwili viwe kimoja, lazima avifikishe karibu sana na joto hilohilo. Wapendwa, joto linalounga na joto linaloua ni majirani. Kinachovitenganisha ni jicho la mhunzi.

Tulirudi nyumbani na jembe zima, lakini moyo haukutulia. Tulimkumbuka binti mmoja.

Katika kanisa tulilochunga zamani, binti wa kwaya alipata mimba nje ya ndoa. Hatutataja jina wala mahali. Alikuja mwenyewe, akaungama akilia. Sisi na wazee wa kanisa tulimsimamisha mbele ya watu wote. Tukamtoa kwenye kwaya, tukamkataza Meza ya Bwana, na hatukuweka siku ya mwisho. Kijana aliyempa mimba alikuwa wa kanisa lingine, hakuulizwa neno. Miezi ilipita. Binti aliketi nyuma, kisha mlangoni, kisha hakuja tena. Sisi tukasema, “Ameipenda dunia.” La, wapendwa. Tulikuwa tunaangalia moto, tunafurahia cheche. Mhunzi hatukumwangalia.

Kwa hiyo leo tunawapa mambo matatu tuliyojifunza pale kwenye gogo.

La kwanza: sisi si mhunzi. Chuma ni chake, nyundo ni yake, na anajua anatengeneza nini. Mchungaji, mzee wa kanisa, mama kiongozi, kazi yetu ni kuvukuta anaposema vukuta, na kuacha anaposema acha. Nidhamu ya kanisa ni ya Biblia, hatuiondoi. Chuma baridi hakifuliwi, na dhambi isiyoguswa huharibu mtu na kanisa pia. Lakini anayevukuta bila kumtazama Bwana ataunguza kazi ya Bwana.

La pili: makala yawe safi. Wengi wetu tunajua makala ya miti. Yako pia makala ya mawe, kama yale yaliyochimbwa Luena kule Katanga. Hayo yana moshi mwingi, na ndani yake mna kiberiti. Mhunzi anayeyatumia huyaweka kwanza pembeni mwa moto mpaka moshi uishe, ndipo anayasogeza katikati. Kiberiti kikiingia ndani ya chuma, chuma humeguka kinapopigwa kikiwa cha moto. Hasira yetu, wivu wetu, aibu ya jina la kanisa letu, hayo ni kiberiti. Paulo anawaagiza Wagalatia kumrejeza aliyeanguka kwa roho ya upole, kila mmoja akijiangalia nafsi yake. Kama moyo wako bado unatoa moshi, kaa pembeni kwanza. Usimguse mtu.

La tatu: moto una mwisho. Huko Korintho mtu aliadhibiwa na kanisa. Paulo hakuwaambia waongeze. Aliwaambia adhabu ile imetosha, sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni kupita kiasi. Angalieni neno hilo: kumezwa. Nidhamu isiyo na siku ya mwisho humeza watu.

Mwezi uliopita tulisafiri kwenda kwa yule binti, pamoja na mama wawili wa kanisa lile. Mtoto wake sasa anasoma shule. Tulimwambia: “Dada, tulikukosea. Tusamehe.” Alitupa viti, akatuletea chai, akanyamaza muda mrefu. Mwishowe alisema: “Baba mchungaji, nilingoja mtu aje hata siku moja.” Hakusema ametusamehe, na hatukumlazimisha. Bado tunaomba, na tutarudi.

Mzee wa vyuma alikata ncha ile iliyoungua, na kile kilichobaki akakifanya patasi nzuri. Kama mwanadamu anaweza hivyo, Bwana atashindwa na mtu anayepumua?

Basi wachungaji na wazee mnaotusikia, kabla ya Jumapili chukueni daftari la kanisa. Someni majina ya waliowekwa chini ya nidhamu. Yuko ambaye siku yake ya kurudi haikuandikwa? Nendeni kwake kwa miguu, msitume ujumbe. Na wewe uliyekaa mlangoni miaka hii yote, tunakusihi: upepo ule uliokuunguza ulitoka kwetu. Mhunzi hajakutupa.

Tuombe. Bwana, ondoa macho yetu kwenye cheche, tukutazame wewe. Katika jina la Yesu, Amina.