Mvua ya Kwanza Baada ya Kiangazi
Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mugoma, Wilaya ya Ngara



Kila mkulima wa Mugoma huijua harufu ya udongo inayopanda wakati mvua inapopiga shamba lililokauka tangu Juni. Wengi wameona pia kwamba mahindi yaliyopandwa mapema huwa na rangi ya kijani iliyokolea, ilhali ya jirani aliyechelewa majuma matatu huwa manjano, ingawa mteremko ni ule ule na mbegu ni ile ile. Sababu mojawapo imo udongoni.

Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki. Katika kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi (jina lisichanganywe na la Mugoma), mtaalamu H. F. Birch alikausha udongo, akaulowesha, akaukausha tena, akipima kila mara. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1958 yalionyesha kwamba udongo uliokauka ukaloweshwa hutoa naitrojeni nyingi kuliko ule uliokaa na unyevu wakati wote. Mpaka leo wanasayansi wa dunia nzima huliita jambo hilo kwa jina la Birch.

Udongo una vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula mboji. Kiangazi huviua vingi. Maji yanapoingia, vilivyosalia huzaana upesi vikila mizoga ya wenzao pamoja na mboji iliyolegezwa na ukavu, na naitrojeni iliyofungwa humo huachiliwa. Karamu hiyo huanza saa chache baada ya mvua, na baada ya siku kadhaa hupoa.

Hapo ndipo hasara ilipo. Naitrojeni hiyo hugeuka nitrati, ambayo huyeyuka majini kama chumvi. Isipokuta mizizi, mvua zinazofuata huishusha chini, mahali ambapo mizizi ya maharage haifiki. Inayobaki juu hufaidiwa na magugu. Mkulima anayengoja mvua ikolee ndipo ashike jembe hupoteza mbolea asiyoilipia hata senti.

Yafaa ifahamike vilevile kwamba chakula hicho hutoka katika akiba ya mboji. Shamba lisilorudishiwa samadi wala mabaki ya mazao hutoa kidogo zaidi mwaka hata mwaka, na anayechoma mabua Agosti huichoma akiba yenyewe. Kwa kahawa na migomba shauri ni jingine: mti upo shambani daima, na matandazo mazito huzuia udongo usikauke mno, chakula kikatoka polepole.

Kupanda mapema kuna hatari yake, nayo isifichwe. Mvua ya kwanza huweza kukatika na miche ikafa.

Kwa makatibu, basi, kazi huanza Julai. Orodha ya mahitaji ikichelewa, hata mwanachama aliyekwisha kulima hana la kupanda. Mbegu na ziwe ghalani kabla ya Septemba, zimepimwa na kugawanywa kwa majina, na fungu dogo libakizwe kwa kurudishia mashimo yasiyoota.